Kusoma kitambaa kilichoganda kwenye bizimu la kaburini

Bizimu la chuma la mkanda, la karne ya 7, linalotoka katika makaburi ya Waalamani (kabila la kale la Kijerumani) kusini mwa Ujerumani huonekana kama donge la kutu. Ndani mna nakshi za fedha na shaba ya manjano, lakini kitambaa kimo kwenye kutu yenyewe: chumvi za chuma ziliingia katika uzi kabla haujaoza, zikashika umbo lake. Ukiikwangua kutu ili uifikie fedha, vazi limepotea. Nakshi zitazame kwa eksirei kwanza.

Kaburini, usiling'oe kwa mkono. Chimba pembeni, ukiacha udongo wa sentimita 5 hivi kila upande, funika kwa plastiki nyembamba, zungushia bendeji za plasta, kisha pitisha bamba chini yake. Kabla ya kulinyanyua, andika kwenye plasta upande wa juu na kaskazini. Alama hizo ndizo zenye thamani kuliko yote: kitambaa cha upande wa mwilini kwa kawaida ni cha nguo iliyovaliwa, cha upande wa juu huweza kuwa joho au sanda. Ila mkanda uliokunjwa na kulazwa kando ya maiti huvuruga kanuni hiyo, kwa hiyo chora mahali pa kila kipande cha mkanda.

Donge hilo la udongo lisikauke kabla ya kufunguliwa, maana udongo wa mfinyanzi hujikunja na kubandua tabaka la nyuzi. Lisikae muda mrefu pia, litaota ukungu.

Chini ya hadubini ya kukuza mara 10 hadi 40, mulika taa kutoka ubavuni na ondoa udongo kwa kijiti na brashi laini. Hesabu nyuzi katika sentimita 1 kwa mielekeo yote miwili, wa urefu na wa upana. Kipande kikiwa kidogo, hesabu milimita 5, zidisha kwa 2, na uandike kwamba umefanya hivyo. Andika msokoto wa uzi: Z au S, kufuatana na mlalo wa mstari wa kati wa herufi. Usitaje mtande (nyuzi zilizotandazwa kwenye kitanda cha mfumi) na mshindio (uzi unaopitishwa kati yake) kama hujaona ukingo wa kitambaa. Sema uzi wa kwanza na wa pili. Unene upime mahali pengi, kwani kutu huvimbisha.

Penye shaba mambo hubadilika. Chumvi zake huua bakteria, hivyo nyuzi halisi huweza kubaki, pengine na rangi. Chukua sampuli kabla ya kupaka gundi yoyote.

Chuma kihifadhiwe kwenye kisanduku kisichopitisha hewa, chenye jeli ya silika (punje zinazofyonza unyevu), unyevu chini ya 15%. Nyuzi halisi zitakatika kwa ukavu huo, zitenge.