Kumwandalia mtumiaji mgeni wa Linux masasisho yasiyomsumbua

Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, fundi anayeletewa kompyuta mpakato kuukuu isiyokidhi masharti ya Windows 11 ana sababu nzuri ya kumwekea mteja Ubuntu au Linux Mint, mifumo endeshi ya bure ya familia ya Linux. Kuweka mfumo wenyewe si kazi kubwa. Kinachowashinda wageni ni masasisho, na matatizo mengi ya masasisho huzuilika iwapo fundi atayapanga kabla mteja hajaondoka na mashine.

Anza na toleo. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu, kama 22.04 na 24.04, hutoka mwezi Aprili kila baada ya miaka miwili na hupata masasisho ya usalama kwa miaka mitano, ilhali matoleo ya katikati huhudumiwa kwa miezi tisa tu. Mgeni hana haja na hayo ya katikati, hata kama yana mapambo mapya.

Hapa Dar es Salaam, kikwazo cha kwanza ni bando. Mwenye steshenari huunganisha kompyuta na simu yake ili atume barua pepe moja ya mteja, na kabla hajamaliza bando limekwisha, kwa kuwa mfumo ulikuwa ukipakua masasisho kimyakimya. Kwenye Ubuntu, fungua mipangilio ya Wi-Fi, bonyeza alama ya gurudumu iliyo pembeni ya jina la mtandao wa simu, kisha washa chaguo la “Metered connection”, yaani mtandao wenye kikomo cha data. Kuanzia hapo masasisho mengi ya kujiendesha yatasubiri mtandao mwingine. Tatizo ni kwamba mtu asiye na mtandao mwingine hatasasisha kamwe, kwa hiyo mpangie siku maalumu, ikiwezekana kwa bando la usiku, ambapo atafungua programu ya masasisho yeye mwenyewe.

Kikwazo cha pili ni umeme, hasa kwa mashine ambayo betri yake haishiki chaji. Umeme ukikatika wakati wa kupakua hakuna madhara makubwa, kwa sababu kilichokwisha kupakuliwa hubaki kwenye diski. Hatari ipo wakati wa kusakinisha. Ni busara basi kuzitenganisha hatua hizo mbili kwa amri zinazoandikwa kwenye terminal, yaani dirisha la kuandikia amri. Amri ya <code>sudo apt update</code> huleta orodha mpya tu, wala haisakinishi kitu, jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Ikifuatiwa na <code>sudo apt upgrade --download-only</code>, faili zote hupakuliwa na kuwekwa akiba, na <code>sudo apt upgrade</code> ya kawaida inaweza kungoja hadi umeme utulie. Iwapo umeme utakatika katikati ya usakinishaji, mashine ikiwaka tena iendeshwe <code>sudo dpkg --configure -a</code> ili kumalizia kilichoachwa njiani. Mwandikie mteja amri hizi kwenye karatasi, tena kwa mwandiko mkubwa unaosomeka, bila kubadili herufi ndogo za amri, maana nafasi moja ikirukwa amri haifanyi kazi.

Linux Mint ina programu ya Timeshift, ambayo hutunza nakala ya mfumo ili sasisho likiharibu kitu urudi nyuma. Weka nakala hizo kwenye diski ya nje iliyoumbizwa kwa ext4 (mfumo wa faili wa Linux), na umweleze mteja waziwazi kwamba kwa kawaida Timeshift haihifadhi nyaraka na picha zake. Humo humo kwenye Mint, mipangilio ya kidhibiti cha masasisho ina chaguo la kuondoa kerneli (viini vya mfumo) za zamani. Liwashe, diski isije ikajaa.

Kwa ofisi au shule yenye kompyuta nyingi, sakinisha apt-cacher-ng, programu inayotunza akiba ya masasisho, kwenye mashine moja na uzielekeze nyingine kwenye mlango wake wa mtandao (port) wa 3142. Kila kifurushi cha programu kitapakuliwa mara moja tu kutoka intaneti, na kompyuta zinazobaki zitakichukua ndani kwa ndani.

Kuhamia toleo jipya, kwa mfano kutoka 22.04 kwenda 24.04, ni shughuli nyingine kabisa, kwani karibu kila kifurushi hubadilishwa na upakuaji wake ni mkubwa. Mwambie mteja kwamba ujumbe wa kumwalika kufanya hivyo ukitokea, aufunge tu na kuendelea na kazi, kisha ailete mashine kwa fundi siku atakayoweza kuiacha, pamoja na chaja na diski ya nje yenye nakala za nyaraka zake.