Kupanda dafodili Uingereza, na kwanini usiguse majani yake

Wenzangu mnaoishi Uingereza, kama mna kipande cha bustani nyuma ya nyumba, au hata vyungu viwili tu mlangoni, mwezi wa tisa ukiingia tafuteni vitunguu vya dafodili, yaani vile vifundo vinavyofukiwa ardhini ndo ua linachipua humo. Mi niko Leicester huu mwaka wa tisa na bado sijaona kitu kinachonichangamsha kama yale maua ya njano yanapochomoza mwezi wa pili mwishoni au wa tatu, miti yote bado mikavu, watu bado tuko na makoti.

Vitunguu vyake vinaanza kuuzwa mwisho wa Agosti, supamaketi vipo na maduka ya bustani vipo. Kishike mkononi kwanza, kiwe kigumu na kizito, kikibonyea au kikiwa na ukungu kiache hapohapo. Na tafadhali sana ukifika nyumbani usiviweke jikoni, maana vinafanana na vitunguu maji vya kupikia na vina sumu, mtu akivikatia kachumbari bila kujua atatapika vibaya, na watoto na mbwa pia uwaangalie. Utomvu wake unawasha ngozi kwahiyo vaa glavu.

Dafodili panda mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, ila mapema ndo bora kwasababu inaanza kutoa mizizi udongo ukiwa bado na kajoto. Tulipu, ua jingine la vitunguu, yenyewe isubirie Novemba baridi ikishashika, hapo inapona zaidi na ule ugonjwa wa ukungu unaobabua majani yake.

Shimo ndo wengi wanakosea, wanafukia juujuu tu. Kipimo ni mara tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe, yaani kitunguu cha sm 5 shimo lake sm 15 hivi, ncha iangalie juu, kati ya kimoja na kingine acha nafasi ya kutosha vitunguu viwili. Udongo wa hapa kwangu ni mfinyanzi, mvua ikinyesha maji yanatuama na kitunguu kinaoza, so nachanganya mboji na changarawe ndogondogo kabla ya kupanda. Ukimaliza fukia, shindilia taratibu na mguu, mwagilia mara moja basi, mvua za huku zitamalizia kazi.

Panda kwa mafungu, saba au kumi pamoja, kimoja kimoja kwenye mstari havipendezi. Na kuna kitu nilikigundua baada ya kupanda: maua ya dafodili yanageukia jua, kwahiyo kama dirisha lako linatazama kusini na umeyapanda mbele yake, utakuwa unaona migongo tu na jirani wa ng'ambo ndo anaona sura. Fikiria kwanza unasimama wapi ukiyatazama.

Kindi watakusumbua kwenye tulipu na krokasi (ua dogo la vitunguu pia), wanazifukua na kuzila, weka wavu wa kuku juu ya udongo mpaka zichipue. Dafodili hawaigusi, ile sumu inaisaidia. Kwenye chungu unaweza kupanga kwa tabaka, tulipu chini kabisa, dafodili katikati, krokasi juu, zinapishana kutoa maua kuanzia mwezi wa pili mpaka wa tano.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Ua likishanyauka kata kile kichwa tu ili lisihangaike kutengeneza mbegu, MAJANI YAACHE. Yatalala, yatageuka njano, bustani itaonekana kama haina mwenyewe, yaache tu angalau wiki 6. Mwaka wangu wa pili nilipitisha mashine ya nyasi mwezi wa nne juu ya majani yote nikajiona nimesafisha, mwaka uliofuata nikapata majani matupu, ua hata moja halikutoka, iliniuma kwakweli. Yale majani ndo yanakilisha kitunguu, na ua la mwakani linaanza kuumbwa humo ndani baada ya hili la mwaka huu kwisha, ukiyakata umeliua kabla halijazaliwa. Usiyafunge mafundo pia kama wengine wanavyofanya, yanakosa jua. Nikikata vichwa mi nawapa mbolea ya maji ile ya nyanya mara mbili tatu, ina potashiamu.

Ikifika miaka kadhaa ukaona maua yanapungua na majani ni mengi, ujue vimebanana, fukua majani yakishakauka, vitenganishe, upande upya kwa nafasi.

Kwa anayeanza ningesema achukue aina ya dafodili inayoitwa Tête-à-tête, ni fupi, sm 15 mpaka 20, upepo haiivunji, na inarudi kila mwaka. Ukitaka nyeupe kuna Thalia, shina moja linabeba maua mawili matatu.

Mama yangu yuko Tanga aliona picha akaniambia nimletee vitunguu apande uani, ikabidi nimweleze kwamba dafodili bila wiki 12 hivi au zaidi za baridi kali ardhini haitoi ua la maana, na Tanga baridi hiyo itatoka wapi. Kwahiyo kila mwezi wa tatu namtumia video, nazunguka fungu kwa fungu, na yeye ananiambia lipi limezidi la mwaka jana.