Namna ya Kuisoma Ngome ya Golconda Ukiwa Tabora

Mwanafunzi wa Tabora anayetaka kuandika insha kuhusu ngome ya kale ya India asianze na orodha ya wafalme. Aanze na swali moja, alirudie kwa kila ukuta na kila lango: wajenzi walikuwa wanajikinga na nini? Ninapendekeza Golconda, iliyo karibu na Hyderabad, kwa kuwa hujibu swali hilo waziwazi.

Chora kwanza kilima chenyewe. Ni cha graniti, kina kimo cha mita 120 hivi, na aliyekulia kwenye vilima vya mawe vya Unyamwezi hatapata taabu kukiwazia. Kizungushie kuta, moja nje ya nyingine, kisha weka buruji zilizotokeza nje, ambazo ziliwawezesha walinzi kumpiga kutoka ubavuni adui aliyekwisha kuufikia ukuta.

Kwenye malango usiharakishe, maana hapo ndipo ustadi ulipo. Mbao za milango zilipigiliwa misumari mirefu ya chuma ili tembo wa vita wasiweze kuzisukuma kwa vichwa vyao, na mbele ya lango la Bala Hissar, yaani ngome ya ndani iliyo kilimani, ulijengwa ukuta wa kukinga, uliomlazimisha kila anayeingia kukata kona, hivyo tembo akakosa nafasi ya kuja mbio. Makofi yanayopigwa chini ya kuba la lango hilo husikika hadi jengo la kileleni, nami naona maelezo ya ngome hii yasiyoutaja mwangwi huo yana pengo kubwa. Fuatilia pia maji, yaliyopandishwa kilimani hatua kwa hatua kwa magurudumu na mabomba ya udongo, kwa sababu ngome isiyo na maji haiwezi kuhimili kuzingirwa na adui.

Kabla ya kuandika, nenda Kwihara ukaliangalie tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Lililopo sasa limejengwa upya, lakini kuta nene za udongo, paa bapa na ua wa ndani vitakuzoeza kuuliza maswali yaleyale, na zoezi hilo lina faida kuliko kutazama picha nyingi.

Tarehe zifuate baadaye, nazo ni chache. Ngome ya kwanza ilikuwa ya udongo, enzi za Wakakatiya, ukoo wa kifalme uliotawala eneo hilo zamani. Watawala wa Qutb Shahi, waliojitwalia madaraka mwaka 1518, waliijenga upya kwa mawe ikawa makao makuu yao, hadi ulipoanzishwa mji wa Hyderabad mwaka 1591. Mwaka 1687 Aurangzeb, mfalme mkuu wa dola ya Wamughal, aliizingira kwa miezi minane hivi, na jeshi lake likaingia baada ya kufunguliwa lango kutoka ndani. Boma la mtemi Isike hapa Unyanyembe lilianguka kwa namna nyingine, lilipovamiwa na Wajerumani mwaka 1893. Basi sehemu ya mwisho ya insha ieleze usaliti huo wa langoni, wala isidai kwamba kuta za Golconda zilibomolewa.