SOMO: Sifa za 2^136279841 − 1 kwa kikokotoo cha simu

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka: "Mkuu, hiyo namba ya tarakimu milioni 41, nani alikaa akazihesabu?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Alama ^ ni ya kipeo: 2^3 ni 2 × 2 × 2, na hiyo 3 ndiyo kipeo. Namba hii tasa aliipata Luke Durant, Mmarekani, kupitia GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao kusaka namba tasa za aina hii, ikatangazwa Oktoba 2024.

1. Kipeo lazima chenyewe kiwe namba tasa. Kikigawanyika, namba nzima inagawanyika.

2. Tarakimu ya mwisho: majibu ya 2^1, 2^2, 2^3 na kuendelea huishia na 2, 4, 8, 6, kisha yanarudia. Kipeo chetu kikigawanywa kwa 4 kinabaki 1, hivyo tunaishia na 2. Toa 1, jibu ni 1.

3. Idadi ya tarakimu: zidisha kipeo kwa logi ya 2 (kizio cha kumi), tupa desimali, jumlisha 1. Hapa ndipo panapoharibika. Ukitumia 0.3010 ya kwenye jedwali la shule unapata 41,020,233, pungufu ya tarakimu zaidi ya elfu nne. Ukitumia 0.30103 unapata 41,024,321, umezidisha moja. Tumia 0.3010299957: inatoka 41,024,319.95, jibu 41,024,320. NIMESEMA TUPA desimali. Ukiona .95 ukaipandisha, umeharibu tena.

4. Kupima utasa (Lucas–Lehmer): anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, chukua baki. Rudia hivyo mara "kipeo toa 2". Baki la mwisho likiwa 0, ni tasa. Kwa 2^7 − 1, yaani 127, ni mara tano: 4, 14, 67, 42, 111, 0.

MASWALI

Chapuo: Kwa hiyo 2^11 − 1 ni tasa, maana 11 ni tasa?
— Nimesema lazima, sijasema inatosha. 2047 = 23 × 89.

Mzee wa Data: Nimepata 41,024,321. Rekebisha somo lako.
— Hatua ya 3. Soma mpaka mwisho.

Binti Fomu Four: Samahani mwalimu, ile kutoa 1 haiwezi kupunguza tarakimu? 1000 ukitoa 1 inabaki 999.
— Swali zuri sana, wengi hawalioni. Ingepungua kama namba yetu kabla ya kutoa 1 ingekuwa 1 ikifuatiwa na sifuri tupu. Lakini rudi hatua ya 2: majibu yanaishia na 2, 4, 8 au 6, kamwe si 0. Uko salama.

Binti Fomu Four: Asante! Na kugawanya kwa 127 kila mara kunachosha, hakuna njia ya mkato?
— Ipo. Gawanya kwa 128, kisha jumlisha jibu na baki. Mfano 67 × 67 − 2 = 4487: inaingia mara 35, baki 7, jumla 42. Kompyuta zinaipenda kwa sababu kwenye kizio cha mbili kugawanya kwa 128 ni kukata tarakimu saba za mwisho tu. Angalizo: raundi ya mwisho, 12319, itakupa 96 + 31 = 127. Hiyo ihesabu kuwa 0, usije ukasema mtihani umefeli.

Fundi Kodi: Ile 2147483647 inayokwamisha kaunta za programu za biti 32 ni ndugu yake?
— Ndugu kabisa, 2^31 − 1. Mwanahisabati Euler alithibitisha utasa wake mwaka 1772, kwa kalamu. Hiyo hata 0.3010 inaitosha: tarakimu 10.