Tovuti ya lugha ya programu: jinsi ya kufupisha njia ya mgeni hadi programu yake ya kwanza

Mgeni anayefungua tovuti ya lugha ya programu asiyoijua ana swali moja: nikiipa lugha hii nusu saa yangu, nitapata nini? Hakuja kusoma historia ya mradi wala kutazama nembo. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinapimwa kwa kitu kimoja, yaani muda unaopita tangu abofye kiungo mpaka aone programu aliyoiandika mwenyewe ikifanya kazi. Timu ikianza kubishana kuhusu rangi au menyu, rudini kwenye kipimo hicho. Mabishano mengi hufa hapo hapo.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Tafuta watu 5 wanaojua kuandika programu kwa lugha nyingine na hawajawahi kutumia yenu. Kila mmoja mpe anwani ya tovuti tu, pamoja na kompyuta ambayo lugha hiyo haijawahi kusakinishwa. Mashine pepe mpya inatosha, lakini angalau moja iwe ya Windows. Watunzi wengi wa lugha hutumia Linux au Mac, na matatizo mabaya zaidi hujificha kule wasikotazama.

Mwombe aandike programu inayosoma faili ya maandishi na kuhesabu mistari yake. Anzisha saa, kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi hushindwa: ukisema tu "bofya pale juu", jaribio limeharibika. Andika dakika alizotumia, mahali alipokwama, na neno alilotaja alipokuwa akitafuta kitu. Kama menyu inasema "Rasilimali" na yeye anauliza "masomo yako wapi?", menyu ndiyo ibadilike.

Lengo linalofikika ni chini ya dakika 1 kuendesha msimbo ndani ya kivinjari, na chini ya dakika 10 kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Hatua ya 2: Sentensi ya kwanza

Iandike, kisha ondoa jina la lugha yenu na uweke la lugha nyingine. Sentensi ikibaki kuwa kweli, itupe. "Ya kisasa, ya haraka na rahisi kujifunza" haifiki popote kwa kipimo hiki, maana kila lugha hujisifu hivyo.

Lugha ya Rust ni mfano mzuri kwa pande zote mbili, sentensi inayofaulu na inayoshindwa. Tovuti yake ya zamani iliitaja kuwa lugha ya programu za mifumo, yenye kasi kubwa, inayozuia makosa ya kugusa kumbukumbu isiyo yako na inayolinda kazi zinazokwenda sambamba. Mwandishi wa C++ aliyekesha akitafuta kosa la aina hiyo alijua papo hapo kwamba anasemeshwa yeye. Tovuti mpya, iliyotoka mwishoni mwa 2018, inasema kwamba lugha hii inamwezesha kila mtu kujenga programu za kutegemewa na zenye ufanisi. Weka Go, lugha nyingine, pale penye Rust, na hakuna atakayekupinga. Rust ilikuwa imeshajulikana, ikaweza kumudu sentensi pana kama hiyo. Lugha ndogo haiwezi.

Taja mambo matatu: lugha ni ya kazi gani, inamwondolea mtumiaji shida gani, na inaendeshwa juu ya nini (mashine ya Erlang, JVM yaani mashine ya Java, kivinjari, au inatoa faili inayojiendesha yenyewe). Hilo la tatu husahaulika, ilhali ndilo linalomwambia msomaji kama lugha itaingia kwenye kazi aliyo nayo sasa.

Hatua ya 3: Msimbo uonekane bila kushuka chini

Mabadiliko hayo ya Rust yaliondoa pia msimbo wa mfano kwenye ukurasa wa mwanzo, na watu walilalamika. Walikuwa na haki. Mtengeneza programu huitambua lugha kwa kuitazama kwa sekunde chache.

Weka mistari 8 hadi 15. Programu ya kusema "Habari dunia" haionyeshi lolote, na hesabu za Fibonacci zinamkumbusha mtu darasani. Chagua kazi ndogo ya kweli, kama kusoma faili ya CSV na kujumlisha safu moja, au seva inayojibu ombi moja, na ndani yake lionekane lile jambo ambalo lugha yenu inalifanya vizuri kuliko jirani zake.

Upana una hesabu yake. Simu nyingi za bei nafuu zina skrini ya upana wa pikseli 360 kwa vipimo vya CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa. Ondoa 16 kila upande, zinabaki 328. Herufi ya upana sawa yenye ukubwa wa pikseli 14 huchukua takriban 8.4. Zinaingia herufi 39 kwa mstari. Mfano wenye mistari ya herufi 80 utamlazimu msomaji wa simu kusukuma kushoto na kulia kama anayetafuta stesheni ya redio.

Msimbo uwe maandishi, usiwe picha. Picha hainakiliki, na programu inayowasomea wasioona haiwezi kuitamka. Alama ya `$` mwanzoni mwa amri iwekewe `user-select: none` kwenye CSS, vinginevyo mtu ataibandika pamoja na amri na jibu la kwanza atakalopata kutoka kwenye lugha yenu litakuwa hitilafu.

Hatua ya 4: Uwanja wa majaribio

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda mwingi kuliko zote, kwa sababu inaondoa usakinishaji kabisa kwa mtu ambaye bado anasitasita. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni kuendesha msimbo kwenye seva yako, kama wafanyavyo Go na Rust. Fahamu tangu mwanzo kwamba unawapa wapita njia kompyuta ya bure, na wengine watakuja kuchimba sarafu za kidijitali. Endesha kila ombi ndani ya mazingira yaliyofungwa, bila mtandao, kwa kikomo cha sekunde 5 hadi 10, MB 256 za kumbukumbu, na kikomo cha maandishi yanayotoka. Kitanzi kisicho na mwisho kinachochapisha mstari mmoja kinaweza kuijaza diski. Go wana mbinu ya kuigwa: saa ya uwanja wao huanzia daima tarehe 10 Novemba 2009, saa 5 usiku kwa UTC. Kwa kuwa wakati haubadiliki, msimbo uleule hutoa jibu lilelile, na jibu linaweza kuhifadhiwa likatumika tena bila kuendesha chochote.

Ya pili ni kuigeuza kompaila yenyewe (programu inayotafsiri msimbo ili uendeshwe) kuwa WebAssembly, msimbo ambao kivinjari kinaweza kuuendesha, ili ifanye kazi ndani ya kivinjari. Watunzi wa lugha ya Gleam wamefanya hivyo: kompaila yao imeandikwa kwa Rust, inaendeshwa kwenye ukurasa wa masomo, inatoa JavaScript, na somo linatoa jibu mwanafunzi akiwa anaandika. Gharama ya seva inabaki ya kupakua faili tu. Kama lugha yenu inaruhusu, chukua njia hii. Mambo yanayoharibika ni yaleyale kila mara:

- Msimbo wa mgeni ukiendeshwa kwenye uzi mkuu wa ukurasa, kitanzi kisicho na mwisho kinagandisha kivinjari. Uendeshe ndani ya Web Worker (uzi wa pembeni ulio nje ya ule mkuu), na ukipita sekunde kadhaa uusimamishe kwa `terminate()`.
- Seva isipotuma faili ya `.wasm` kwa aina ya `application/wasm`, `instantiateStreaming` inakataa. Kwenye mashine yako itafanya kazi, kwenye seva halisi itagoma.
- Kibodi ya simu huanza mstari kwa herufi kubwa na hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na kompaila inalalamika kuhusu alama ambayo mtu hakuiandika. Kwenye kihariri weka `autocapitalize="off"`, `autocorrect="off"` na `spellcheck="false"`. Alama zilizopinda zibadilishe mwenyewe zinapoingia.
- Kompaila ina uzito wa megabaiti. Usiipakue ukurasa unapofunguka. Subiri mtu abonyeze "Endesha". Anayelipia bando hapaswi kutozwa kwa kuchungulia tu.

Ongeza kiungo cha kushiriki. Ubane msimbo na uuweke kwenye anwani baada ya alama ya `#`. Sehemu hiyo haitumwi kwa seva, kwa hiyo huhitaji hifadhidata wala mtu wa kuifagia.

Hatua ya 5: Usakinishaji

Orodha ya faili 14 za kupakua inamtisha hata mzoefu. Tambua mfumo wa mgeni, onyesha amri moja au kitufe kimoja, na mifumo mingine iwe kwa viungo chini yake. Usiifiche kabisa, kwa sababu utambuzi hukosea. Mac zina aina mbili za chipu tangu mwisho wa 2020, na si kila mwenye Mac anajua yake ni ipi. Andika "chipu za Apple" na "chipu za Intel", usiandike `arm64` peke yake.

Baada ya amri, weka mambo manne kwa mpangilio huu. Ukubwa wa kinachopakuliwa, kwa MB. Kinachohitajika kabla: kwenye Windows, mtu asiye na vifaa vya kujengea C++ vya Visual Studio akijaribu Rust hukutana na ujumbe kwamba `link.exe` haikupatikana, na kwenye Ubuntu tupu hukosa `cc` mpaka asakinishe `build-essential`. Kama lugha yenu inategemea vitu hivyo, sema kabla hajaanza. Tatu, amri ya kuhakikisha, pamoja na jibu linalotarajiwa. Chini yake andika mstari huu: "Ukiona amri haijulikani, funga terminali ufungue nyingine." Programu ya kusakinisha hubadilisha `PATH` (orodha ya mahali ambapo kompyuta hutafuta amri), lakini terminali iliyokwisha kufunguliwa haina habari. Nne, jinsi ya kufuta kila kitu. Mtu akiona mlango wa kutokea, haogopi kuingia.

Hatua ya 6: Nyaraka zipatikane kupitia utafutaji

Wageni wengi hawapiti ukurasa wa mwanzo. Wanaingia kupitia swali: jinsi ya kusoma faili, jinsi ya kupanga orodha. Kila ukurasa wa nyaraka basi uwe na jina la lugha kwenye kichwa chake. Go ni neno la kawaida la Kiingereza, ndiyo maana watu huandika "golang" wanapotafuta. Lugha yenye jina la namna hiyo lazima iwe na jina la kutafutia na ilitumie kila mahali.

Ugonjwa unaojirudia ni injini ya utafutaji kumpeleka mtu kwenye nyaraka za toleo la miaka sita iliyopita. Weka toleo la sasa kwenye anwani isiyobadilika, kwa mfano `/stable/`, kurasa za zamani zielekeze huko kwa `rel="canonical"` (alama inayoiambia injini ya utafutaji ukurasa upi ndio mkuu), na juu yake ziwe na ukanda unaosema "hili ni toleo la zamani" wenye kiungo cha ukurasa uleule katika toleo jipya. Ukibadilisha anwani, tumia uelekezaji wa kudumu (301). Viungo vilivyovunjika hufuta miaka ya majibu ambayo wengine wameandika kwa ajili yenu.

Kila ujumbe wa hitilafu nao uwe na ukurasa wake. Rust huipa hitilafu namba, kama E0382 ya kutumia thamani iliyokwisha kuhamishwa, na maelezo yake yapo mtandaoni na pia kwa amri ya `rustc --explain E0382`. Mtu aliyekwama hunakili ujumbe na kuubandika kwenye utafutaji. Asipokutana na tovuti yenu hapo, atakutana na dhana za watu.

Mifano iendeshwe na mashine kila mnapobadilisha kitu. Rust hujaribu mifano iliyo ndani ya maelezo ya msimbo, na Go hulinganisha matokeo na mstari wa `// Output:`. Mfano mmoja uliooza unamfanya msomaji aitilie shaka mifano yote.

Hatua ya 7: Uzito

Vipimo vya Google ni hivi: kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kuyumba kwa mpangilio kusizidi 0.1, kwa robo tatu ya wageni. Upake msimbo rangi wakati wa kujenga tovuti, usisubiri JavaScript ya kivinjari ifanye hivyo. Fonti moja ya WOFF2 (aina iliyobanwa kwa ajili ya wavuti) inatosha. Jaribu kwa simu ya Android ya bei ya chini.

Hatua ya 8: Tafsiri

Python waliweka utaratibu wa nyaraka zilizotafsiriwa mwaka 2017 kupitia PEP 545 (pendekezo rasmi la kuboresha Python), na tovuti ya Ruby ina Kituruki, Kiindonesia na Kivietinamu. Ukianza na Kiswahili, usikimbilie marejeo yote. Tafsiri usakinishaji na somo la kwanza tu, kisha mzitunze. Kila ukurasa uonyeshe umefuata toleo lipi la asili. Tafsiri iliyoachwa nyuma ni mbaya kuliko kukosa tafsiri, maana anayeisoma hana njia ya kujua.

Ujumbe wa hitilafu uachwe kama kompaila inavyoutoa, na maelezo chini yake yawe ya Kiswahili. Ule wa asili ndio atakaoutafuta. Weka `lang="sw"` na `hreflang` (alama zinazotaja lugha ya ukurasa na ya kurasa zenzake), na usichague lugha kwa kubahatisha nchi ya mgeni. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuwa Muscat.

Hatua ya 9: Hesabu zisizodanganya

Idadi ya upakuaji hupumbaza, kwa kuwa mashine zinazojenga programu kiotomatiki hupakua lugha upya kila zinapofanya kazi. Mradi mmoja unaweza kuonekana kama watu mia. Fuatilia sehemu ya wageni waliobonyeza "Endesha", waliobadilisha msimbo kabla ya kuuendesha, na waliofika ukurasa wa pili wa somo. Huhitaji kumfuatilia mtu kwa jina wala kwa vidakuzi.

Kila toleo kubwa likitoka, rudia hatua ya 1 kwa watu 5 wengine. Wale wa mwanzo wameshaijua njia.