Usiku wa nyatiti na mboga tupu Kisumu: jinsi ya kuuandaa

Mtunzi anayeanza, mwenye nyatiti na nyimbo kumi zake mwenyewe, asikimbilie baa. Nyatiti, ala ya jadi ya Waluo, ina nyuzi nane na sauti yake ni ya chini. Kelele za baa huimeza kabla haijafika meza ya pili. Tafuta mkahawa wa viti 30 hadi 40 ambako watu huja kula na kuzungumza. Mpiga nyatiti wa Kenya, Ayub Ogada, alipokuwa Uingereza miaka ya 1980 aliwapigia wapita njia katika vituo vya treni London, kisha mwaka 1988 akapanda jukwaa la WOMAD, tamasha la muziki wa dunia. Wasikilizaji wachache walio karibu wanatosha kuanzia.

Chakula cha usiku huu ni mboga tupu, yaani hakina kitu chochote cha mnyama, na mkahawa wa namna hiyo ni vigumu kuupata. Mikahawa ya Kihindi isiyopika nyama hutumia samli na maziwa. Vibanda vya mboga za kienyeji navyo hutia maziwa kwenye osuga (mnavu), kwa sababu maziwa hupunguza uchungu wake. Kwa hiyo kubaliana na jikoni juu ya chakula cha usiku mmoja tu. Usiishie kusema wageni "hawali nyama": Kisumu utaletewa samaki, kwani samaki hahesabiwi kuwa nyama. Taja kimoja kimoja, hata kwa Dholuo, lugha ya Waluo: ring'o (nyama), rech (samaki), chak (maziwa), omena (dagaa), kisha mayai na samli. Uliza, "Mama, chapati hizi mnakanda na nini?" Mara nyingi jibu ni maziwa au siagi. Soma pia pakiti za viungo vya mchuzi. Baadhi zina nyama ya ng'ombe au kuku.

Kwa watu 40, kilo 8 za unga wa ugali zinatosha. Nyoyo ni chakula salama kabisa: kilo 2 za mahindi na kilo 1 ya maharagwe, vyote vikavu, vilivyolowekwa usiku kucha. Osuga ndiyo inayotaka uangalifu. Ichemshe, mwaga maji ya kwanza, ionje. Ikiwa bado chungu, rudia. Badala ya maziwa, kaanga kilo 1 ya karanga bila mafuta, pukuta maganda, saga. Koroga unga huo kwanza kwa maji ya uvuguvugu mpaka uwe uji laini usio na madonge, ndipo uumimine kwenye mboga. Moto uwe mdogo, dakika 10, na mwiko usitoke sufuriani, maana karanga hushika chini na harufu ya kuungua huenea chungu kizima. Apoth (mlenda) haihitaji maziwa, ila magadi yakizidi huleta ladha ya sabuni: anza na nusu kijiko cha chai kwa sufuria, uonje.

Sasa ala. Usikae karibu na mlango wa jikoni. Mvuke hulegeza ngozi ya nyatiti, daraja linadidimia na nyuzi zote zinashuka, hata kama ni za nailoni. Fika saa moja mapema, uilinganishe sauti, iache dakika 20 ipate hewa ya chumba, uilinganishe tena. Maikrofoni iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye ngozi, isielekezwe moja kwa moja kwenye tundu. Hapo hutoa mvumo mzito unaofunika maneno. Oduong'o, ile pete ya kidole gumba cha mguu, hugonga mbao na mshindo huo husafiri kupitia sakafu hadi kwenye stendi. Kunja gunia mara nne uliweke chini ya stendi; utasikia tofauti papo hapo. Spika iwe mbele ya maikrofoni, isiitazame, la sivyo italia.

Anza kuimba sahani zikishafika mezani. Piga vipindi viwili vya dakika 35, mapumziko 20, na uwaombe jikoni wasage juisi zote kabla, kwani blenda huua wimbo wa taratibu. Kabla ya kila wimbo wa Dholuo, sema sentensi mbili za Kiswahili juu ya maana yake. Mgeni asiyetumia kitu cha mnyama akiuliza kuhusu ngozi ya nyatiti, mwambie ukweli: ni ya ng'ombe.

Malipo yaandikwe mapema, hata kwa ujumbe wa simu. "Tutaona wateja wakija" si mapatano. Njia iliyo wazi ni kiingilio: watu 30 kwa Sh300 ni Sh9,000, chakula wanalipia mkahawa. Kubalianeni nani anakodi spika, kiingilio kinaingia simu ya nani, na unalipwa kabla ya kufunga ala au kesho yake.

Kabla ya usiku huo rekodi kila wimbo kwa simu na uandike maneno yake, kwa sababu hakimiliki hulinda kazi iliyokwisha kuwekwa kwenye maandishi au sauti. Kisha isajili kwa KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, jina lako likiandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mliotunga wawili, andikeni mgawo wenu siku hiyohiyo, wimbo ukiwa bado haujaleta hata shilingi.