Ng'ombe wawili na mfuko wa gesi: namna ya kuujenga kwenye mteremko wa Bukavu

Mvua ya Bukavu ikinyesha, samadi ya mlimani hushukia kwa jirani, kisha mtoni, kisha ziwani. Tunapoteza mbolea, halafu tunapanda soko la Kadutu kununua makala ya kupikia. Mimi nina ng'ombe wawili wa kufungiwa, na samadi yao naiozesha ndani ya mfuko wa plastiki unaotoa gesi ya kupikia. Vipimo vya hapa ni vya zizi langu.

1. Shimo. Chagua mahali chini ya zizi na juu ya shamba, ili kila kitu kiteremke chenyewe. Chimba ukikata mteremko kwa kimo kimoja, usielekee bondeni: urefu mita 6, upana sentimita 90 juu na 70 chini, kina sentimita 70. Toa mawe na mizizi, tandika magunia. Upande wa juu chimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua. Udongo wetu ukilowa huteleza, na tope likiulalia mfuko, kazi yote imekwenda.

2. Mfuko. Tafuta plastiki nene ya mviringo kama tiyo (bomba), upana mita 1.5 ikilazwa, vipande viwili vya mita 8. Vua viatu na saa, kisha ingiza kimoja ndani ya kingine. Mgongoni toboa tundu la tiyo ya gesi. Kila ncha ifungie kwenye tiyo nene kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ukivivuta kwa nguvu zako zote. Midomo ya ndani ya tiyo hizo lazima izame majini, la sivyo gesi itatorokea hapo. Tiyo ya kutokea iwe chini kidogo ya ile ya kuingilia.

3. Chupa ya usalama. Kwenye njia ya gesi weka kiungo chenye matawi matatu. Tawi moja lizame sentimita 5 ndani ya chupa ya maji iliyo wazi. Gesi ikizidi, utaona mapovu yakipanda badala ya mfuko kupasuka. Chungulia chupa hiyo kila asubuhi, kwa sababu maji hupungua.

4. Kulisha. Mwanzoni jaza samadi mbichi na maji mpaka yafike kwenye tiyo ya kutokea, kisha ngoja. Kwa baridi yetu mimi nilingoja wiki sita. Gesi ya kwanza ina hewa ndani yake: iachie nje, mbali na moto, usiiwashe. Baada ya hapo ni kilo 20 za samadi na lita 20 hadi 30 za maji kila siku, ukikoroga kwa mkono na kutoa majani. Moto mzuri ni wa buluu. Ni metani, gesi ileile iliyoyeyuka kwenye maji ya vilindi vya Ziwa Kivu. Harufu ya yai bovu ikizidi, weka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndani ya tiyo.

Mwaka wa kwanza niliosha zizi kwa javeli, dawa ya kuua vijidudu, na maji yakaingia mfukoni. Vijidudu vinavyotengeneza gesi vilikufa, gesi ikakatika, nikaanza upya. Tangu siku hiyo maji ya sabuni na ya dawa yana mfereji wake.

5. Tope linalotoka. Moto unaivisha bugali na sombe, lakini mali yenyewe iko hapa. Nitrojeni, chakula cha mimea, haikuungua, imo karibu yote, ila ikikaa juani huruka. Kwa hiyo fukia siku hiyohiyo: chimba kijifereji kuzunguka shina la ndizi, mwaga, funika. Kwa mboga changanya na maji kipimo kwa kipimo, udongoni tu, na usitumie kabisa kwa zile zinazoliwa mbichi, maana joto la mfuko haliui mayai ya minyoo. Bwawa la tilapia lipewe kidogo, asubuhi, maji yabadilike kijani. Ukikuta samaki wanahema juu ya maji alfajiri, simamisha.

Mimi kiasi kikubwa nakipeleka kwenye matete niliyopanda kwenye kingo za matuta. Yanashika udongo usiporomoke, na kila jioni nakata mzigo mmoja kuwapelekea ng'ombe.